Tulidhani ni tamthilia inayomnyima mtoto usingizi

Disiki ilinunuliwa stendi ya Msamvu, mjini Morogoro, ikiwa moja ya zile zinazobeba sizoni nzima kwa bei ya chai na chapati. Kaka yangu aliipandisha Matombo likizo ya Desemba 2012. Umeme ulikuwa wa nyumba chache, kwa hiyo jioni tulikwenda kwa jirani mwenye televisheni na deki, tukakaa sakafuni watoto na wakubwa, nje mvua ikipiga migomba.

Tamthilia yenyewe iliitwa Criminal Minds: Suspect Behavior. Sisi tuliiita "ile ya Idi Amin", kwa sababu kiongozi wa wapelelezi aliigizwa na Forest Whitaker, yule aliyeigiza kama Amin kwenye The Last King of Scotland, filamu iliyopigwa Uganda na kumpa tuzo ya Oscar mwaka 2007. Safari hii alikuwa mtu mpole, Sam Cooper wa FBI, anayeongoza kikosi kidogo cha kusoma tabia za wahalifu. Wanaangalia namna uhalifu ulivyofanyika, kisha wanachora picha ya mtu asiyejulikana: umri wake, kazi yake, hasira zake. Kabla ya saa moja kwisha, wameshamkamata.

Marekani haikudumu. Ilizaliwa kutoka Criminal Minds, iliyoanza kurushwa na CBS mwaka 2005, na yenyewe ikaanza Februari 16, 2011. Mei mwaka huohuo ikafutwa baada ya sehemu 13 tu, watazamaji wakiwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Sisi Matombo hatukujua kama imefutwa. Tuliitazama yote kwa siku nne, na zile sehemu za watoto waliotekwa tukazirudia.

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alikuwa na miaka saba. Nilikuwa kidato cha kwanza, na mimi ndiye niliyempakata. Usiku wa pili aliniuliza, "Dada, yule mtu wa gari anafika na huku?" Nikamcheka. Gari lenyewe kwetu lilikuwa basi moja la asubuhi.

Lakini hofu iliingia nyumba nzima. Bibi, ambaye hakuelewa Kiingereza hata neno, alielewa picha. Akaamuru mtoto asipite peke yake njia ya shambani ikishafika jioni. Kijana mmoja wa pale tulipokuwa tukitazama, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, akajitolea kuwa anamsindikiza. Tulimshukuru. Bibi alimpa fenesi.

Mwezi Januari mtoto akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu ana miaka mitatu. Akawa anaweweseka usiku, na shule hataki. Wakubwa wakasema ni ile sinema. Wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Mimi nilirudi bweni nikiwa na uhakika kwamba kosa ni langu.

Tuzungumze kwanza kuhusu sinema, maana haikuwa dhana ya kijinga. Watafiti wa hofu za watoto wanaeleza kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hivi hutishwa zaidi na kinachoonekana: sura mbaya, damu, kelele. Hata ukimwambia ni maigizo, haimsaidii sana. Mkubwa kidogo hutishwa na kinachoweza kutokea kweli, na tamthilia za upelelezi zimejengwa juu ya hilohilo. Hofu ya namna hiyo inaweza kumfanya ashtuke usiku, akatae kulala peke yake, hata akojoe kitandani. Kwa kawaida hupungua kadiri siku zinavyopita ukiacha kumwonyesha na ukawa naye karibu. Isipopungua baada ya wiki chache, usiendelee kuilaumu televisheni.

Nasema hivi kwa sababu mtoto aliyeshaacha kukojoa kitandani halafu akarudia anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo, au kisukari. Inaweza kuwa kuzaliwa kwa mdogo wake au kuhama shule. Na inaweza kuwa kuna mtu anamfanyia jambo asiloweza kulisema. Kumchapa au kumwanika na godoro lake nje majirani wamwone hakumtibu, kunamfunga mdomo.

Mama mdogo alimpeleka zahanati mwezi Februari akitafuta dawa ya minyoo. Nesi akamwagiza mama dirisha la dawa, akabaki na mtoto. Hakumuuliza kuhusu sinema. Alimuuliza ni nani hapendi kubaki naye.

Alikuwa yule msindikizaji.

Tamthilia ile ina mpangilio mmoja ambao wakati huo sikuuona. Mhalifu karibu kila mara anatoka nje: hajulikani, ana akili za ajabu, na wataalamu wanasafiri kwenda kumtafuta. Hilo linafanya hadithi iwe tamu. Likiwa ndilo pekee mzazi analolijua kuhusu usalama wa mtoto, analinda mlango wa mbele tu.

Mwaka uleule wa 2011 tamthilia ilipofutwa, hapa kwetu ilitoka ripoti ya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF, taasisi ya CDC ya Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Karibu wasichana watatu kati ya kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takriban mmoja kati ya saba. Waliotajwa kuwafanyia walikuwemo watu wasiowajua, ndiyo, lakini pia majirani, wapenzi, jamaa na watu wenye mamlaka juu yao. Mahali palipotajwa sana ni nyumbani kwa mtu, njia ya shule na shuleni. Takriban nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote, na wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi.

Ripoti hiyo hakuna aliyeiuza Msamvu.

Yaliyofuata kwetu sijivunii kuyasimulia. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la wajomba ni zito. Walikaa kikao. Mmoja akataka yaishe kifamilia, kwa faini, ili ujirani usivunjike. Mama mdogo akakataa, na bibi akasimama naye, lakini mabishano yalikula siku tano. Alipofika polisi, kijana alikuwa ameshaondoka kijijini. Hajarudi.

Kwa hiyo mzazi unayesoma hapa, shika saa hizi: 72. Mtoto akibakwa au kulawitiwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Kwa msichana aliyevunja ungo kuna pia dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Usimwogeshe wala kufua nguo alizovaa. Zifungeni kwenye karatasi au kitambaa safi, msitumie mfuko wa plastiki. Fomu ya PF3 hutolewa polisi, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja. Namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, na kupiga ni bure. Hata kama siku zimepita, nenda.

Na televisheni? Sikuambii uizime. Kwenye king'amuzi weka namba ya siri ili programu za watu wazima zisifunguke hovyo. Kwenye simu ni vigumu zaidi, maana vipande vya tamthilia hizi vinajileta vyenyewe mtoto akiwa anatazama katuni. Usimwachie chumbani usiku. Akiona cha kumtisha, muulize amekielewaje kabla hujamwambia si kweli. Ukimuuliza kuhusu yule mtu wa kwenye gari, muulize pia kuhusu watu anaowajua kwa majina: nani humpa zawadi za siri, nani humwambia asimwambie mama.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asijulikane. Alisoma rasimu yote akaomba niongeze kitu kimoja tu: kwamba nesi yule, kabla ya kumuuliza chochote, aliondoka kwenye kiti chake na kukaa chini sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta, akasubiri.