UZI: "Tembe za usingizi zipigwe marufuku!" Sawa, lakini ngojeni kidogo

Kila msimu wa kampeni hakosi mheshimiwa wa kupanda jukwaani na kusema tembe za usingizi zinamaliza vijana, zipigwe marufuku na kemisti zinazouza zifungwe kesho asubuhi. Makofi. Simtaji mtu wala chama, mnajua kanuni za hapa. Mimi nina shida na hiyo "kesho asubuhi".

Kwanza dawa yenyewe. Familia yake inaitwa benzodiazepini, na maarufu zaidi ni diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Iliingia sokoni 1963. Inaipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza neva. Ndiyo maana daktari anaweza kukuandikia ukizidiwa na wasiwasi, ama ukikosa usingizi kabisa. Hospitalini pia inakomesha degedege. Sasa ukiipiga marufuku, huyo mtoto wa degedege pale kazualti utampa nini? Hotuba?

Hatari iko kwa muda. Kwa kawaida hizi dawa ni za wiki mbili hadi nne tu. Ukizidisha, mwili unazoea, na kipimo cha jana leo hakikushiki. Ukichanganya na pombe, ama na dawa kali za maumivu kama mofini, pumzi inaweza kushuka hadi ikatike. Kwa wazee, ni kuanguka na kuvunjika nyonga.

Hii naijua kutoka nyumbani. Mama mdogo alianza kukosa usingizi baada ya kumzika mumewe. Daktari akamwandikia za wiki mbili. Zilipoisha, kemisti ya mtaani ikaendelea kumuuzia bila kuulizia karatasi, karibu miaka mitatu. Hakuna aliyejiona mkosaji. Alikuwa mteja mzuri, analipa, anasalimia.

Halafu msako ukapita mtaani. Kemisti ikaogopa, ikakataa kumuuzia. Siku ya kwanza hakulala. Ya pili mikono ikatetemeka, jasho likamtoka kama amenyeshewa. Ya nne akaanguka jikoni kwa degedege, sufuria ya chai ikamwagika kando yake. Daktari alituambia kosa halikuwa kuacha, kosa lilikuwa kuacha ghafla. Wakamrudishia dawa hiyo hiyo, kisha wakaipunguza kidogo kidogo kwa miezi.

Kwa hivyo mtu akiahidi msako, muulize: wale waliozoea tayari wanaenda wapi siku hiyo? Msako bila kliniki ya kuwapunguzia dawa unawapeleka kazualti, ama kwa muuzaji wa kichochoroni.

Na tusidanganyane kwamba hatuna sheria. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya na zinazoathiri akili iko tangu 1994. Bodi ya Famasia na Sumu ina wakaguzi. Hospitali nyingi ziko chini ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo mgombea ugavana hawezi kusema hayamhusu.

Kuna wale watanijibu, "Na mchele je?" Kweli, kuna watu wanawekewa dawa kwa kinywaji na kuibiwa, ama kutendewa mabaya zaidi. Bugizi, yaani Rohypnol, ni ya familia hii hii. Lakini hiyo ni kazi ya polisi na mahakama. Ukiichanganya na mjane asiyelala, utawakosea wote wawili.

Kitu ambacho sijawahi kusikia jukwaani: kwa usingizi uliogoma muda mrefu, tiba inayopendekezwa kwanza si tembe. Ni ya mazungumzo na kubadilisha mazoea ya kulala, na inataka mtu aliyesomea. Kaunti yako imeajiri wangapi? Hilo swali halina makofi, najua.

Kama wewe ama mzazi wako mmetumia hizi tembe zaidi ya mwezi, msizitupe leo kwa sababu ya huu uzi. Muone daktari, mwambie ukweli wa miezi mingapi, apange kuzipunguza.

Mama mdogo alimeza robo ya mwisho Agosti. Analala masaa matano hivi. Analalamika, lakini analala.