Unaitwa Maureen? Kumbe Wewe na Mariamu Mna Jina Moja

Kenya, Uganda na Tanzania, ni vigumu kupita mtaa mzima bila kukutana na Maureen. Wengi hudhani ni jina la Kiingereza. Ukweli ni kwamba limetoka Ayalandi, na ukilifuata hadi mwanzo wake unakuta jina ambalo Waswahili wamelijua siku zote: Mariamu.

Limeundwaje?

Kwa Kiayalandi, Maria huitwa Máire. Ukiongeza "-ín" mwishoni, unapata Máirín, yaani "Maria mdogo". Kiambishi hicho hufanya kazi kama "ki" kwenye "kitoto": kinaonyesha udogo, na pia mapenzi. Matamshi yake yanakaribia "Morin", na Waingereza wakaandika walivyosikia: Maureen.

Ndiyo maana majina mengi ya Ayalandi yanaishia hivyo. Noreen ni Nora mdogo, Kathleen ni aina ya Katarina, na Colleen limetokana na neno la Kiayalandi la msichana.

Jina lililoogopwa

Hapa ndipo penye utamu. Zamani, watu wa Ayalandi hawakuthubutu kumpa mtoto jina la mama wa Yesu. Waliliona takatifu mno. Badala yake walitumia Máel Muire, maana yake "mtumishi wa Maria", kama vile Abdallah ni "mtumishi wa Mungu".

Baadaye watoto wa kike walianza kuitwa Máire, lakini heshima ilibaki palepale. Hadi leo, Kiayalandi kina majina mawili: Muire ni la Bikira Maria peke yake, na Máire ni la watu wa kawaida. Maureen limetoka kwa huyu wa pili.

Vipi kuhusu "nyota ya bahari"?

Mitandao mingi hudai hiyo ndiyo maana ya Maureen. Kwa kweli hiyo ni sifa ya Bikira Maria iliyotoka kwenye Kilatini. Mariamu lenyewe ni jina la kale la Kiebrania, na wataalamu hawajakubaliana kama maana yake ni uchungu, uasi au kupendwa.

Waliolipa umaarufu

Maureen O'Hara, aliyezaliwa Dublin mwaka 1920, alikuwa nyota mkubwa wa filamu Hollywood. Maureen Connolly wa Marekani ndiye mwanamke wa kwanza kushinda mataji yote manne makubwa ya tenisi katika mwaka mmoja, 1953.

Angalia tahajia

Kwa kuwa jina liliandikwa kwa kusikia, utakuta Maurine, Moreen na Morine. Yote ni sawa, ila chagua moja. Cheti cha kuzaliwa kikisema Maureen na kitambulisho Moreen, utasumbuka ofisini.

Na siku bibi akishindwa kutamka Maureen akakuita Mariamu, usikasirike. Hajakosea.