Kanyagia List Yako

Wacha niguse ile swali inatoa wasee jasho. Uko kwa cyber, form ya college ya Marekani iko open, umejaza jina, umejaza grades, alafu inakushtukia: umeapply wapi kwingine? Unafreeze. Ukitaja Harvard, wataona unajiskia. Ukitaja kumi na mbili, wataona unabahatisha. Ni first date na dem anataka majina ya wote umekatia.

Uncle wa WhatsApp group ya family ashatoa ruling: "Andika ni hao tu, wajue uko serious." Huyu mzae ku-apply mara ya mwisho alitumia barua ya mkono na stamp ya posta. Mute.

Rada iko hivi. Common App, ile form moja unatumia ku-apply college mingi za Marekani, inakuruhusu mpaka college 20, na kila moja inaona application yake pekee. Yale haioni Grinnell, Grinnell haioni Yale. UCAS ya Uingereza nayo inakupea choices tano, na hakuna chuo inaona zile zingine wakati inakuamua. So hiyo system imeshakukanyagia kabla hata uombe. Shida ni ile college inaamua kukuuliza yenyewe. Hapo cheki kama swali iko na nyota nyekundu. Haina? Ruka, endelea na life. Blank hapo inakubalika.

Mbona wanauliza? Wengine ni marketing tu, wanataka kujua wanashindana na nani. Wengine wanaogopa kuachwa. Ikikubali wasee mia na washike base ishirini pekee, yield imeparara, na wadosi wa admissions huchunga hiyo number sana. Ndio maana kuna stori college inaeza kunyima msee mkali juu inajua atahepa aende kwa wazito. Wamarekani wanaiita Tufts syndrome. Ku-prove ni ngumu, lakini usiseme ni jaba. Kuna form ya aid ya serikali yao, FAFSA, yenye kitambo ilikuwa inaonyesha kila college list yako nzima, na order umeipanga. Majamaa wakanotice watu huweka favourite namba moja. College zingine zikaanza kuisoma ka horoscope. Serikali ikaizima kuanzia form ya 2016–17. Kwa hivyo eeh, list inaeza kukuchoma, mahali inaonekana.

Sasa noma yenyewe. Early Decision ni moja tu, na ni binding. Wewe unasign, mzazi anasign, counselor wa shule anasign. Ukitupa mbili na mtu ashtuke, zote zinaeza kukutema. Harvard, Yale, Princeton na Stanford nao early yao sio binding, lakini hawataki uende early kwa private zingine saa hiyo hiyo. Na Oxford na Cambridge huwezi apply zote mwaka moja kwa undergrad. Uncle: "Piga zote mbili, Mungu ataamua." Mungu ataamua, sawa, lakini UCAS itaamua kwanza.

Na doh je? Fee za college nyingi za Marekani ni kati ya dola 50 na 90. Hiyo ya 80 ni ngiri kumi na kitu. List ya kumi ni laki, buda, na hujanunua hata begi. Omba fee waiver bila aibu. Kulipa kila kitu ndio ukae sonko, hiyo ndio aibu.

Huku home ni ngoma ingine. Kwa KUCCPS, wale wa serikali hupangia wasee vyuo, list ndio application yenyewe, hakuna cha kuficha. Computer inaangalia cluster points zako, nafasi na vile umepanga choices. Haina feelings. Namba moja iwe course unataka ukweli, sio ile mathe anataka kutangaza kanisani.

Ukiulizwa live, usidanganye. Interviewer akiuliza, taja mbili tatu zinafanana: "Naangalia mahali engineering iko fiti," alafu rudisha stori kwa chuo yake. Hajaitisha full list, usimpee. Lakini dirisha la visa ya Marekani pale Gigiri ni level ingine. Ukiulizwa uliapply wapi na nani alikunyima, jibu straight, hata kama ni wote. Kunyimwa na college sio crime. Kudanganya officer kwa kitu ya maana kunaeza kukufungia Marekani maisha, na zile dola 185 za visa hazirudi.

Kitu inachoma zaidi hata haiko kwa form. Ni status yako. Umepost logo nane, caption "loading", mtaa mzima umelike. Mwisho wa March Ivy zinajibu, zote no, na mama mboga anakuuliza unasafiri lini.

Deadline za regular nyingi ni mwanzo wa January. Portal haikupei grace period juu stima ilipotea. Funga WhatsApp, left hiyo group ya uncle ikibidi, umalize essay.