NENO LA SIRI: HESABU ZAKE NA DESTURI ZETU

Utangulizi

Kila mwanafunzi anayeomba nafasi ya chuo au mkopo wa masomo kwa njia ya intaneti, na kila mwalimu anayeingiza alama za mitihani katika kompyuta, huombwa jambo moja kabla ya mengine yote: neno la siri, ambalo siku hizi huitwa pia nywila. Mtu akishalitoa neno hilo, kompyuta humhesabu kuwa ndiye mwenyewe, hata kama aliyelitoa ni mwingine kabisa. Kwa hiyo anayeiba neno la siri la mwenzake huwa amejitwalia haki zote za mwenzake mbele ya mashine hiyo. Anaweza kubadili maombi ya chuo, kusoma barua au kuhamisha fedha, na itakuwa kazi ngumu kwa mwenye mali kuthibitisha kwamba si yeye aliyefanya hayo.

Kuhusu neno la siri yako maoni mengi yanayosikika kila siku katika ofisi na katika vyumba vya kompyuta. Mtaalamu mmoja husema kwamba ni lazima libadilishwe kila mwezi. Mwingine hudai kwamba lisipokuwa na herufi kubwa, tarakimu na alama za uandishi halifai kitu. Wa tatu huonya kwamba lisiandikwe popote kamwe. Madhumuni ya makala haya ni kuyapima maoni hayo kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anazimudu, ili msomaji aweze kuamua mwenyewe lipi ni la kufuata na lipi ni desturi tu.

Asili ya neno la siri katika kompyuta

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta zilikuwa chache na ghali mno. Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na kazi zake humo, ilibidi kila mmoja apewe neno lake la siri. Maneno yote yalitunzwa katika orodha moja ndani ya kompyuta, yakiwa yameandikwa kama yalivyo.

Udhaifu wa utaratibu huo ulidhihirika mapema. Mwaka 1966 hitilafu ya programu ilisababisha orodha nzima ya maneno ya siri ionekane kwa kila aliyeingia katika mfumo, mahali ambapo palipaswa kuonekana tangazo la siku. Hapo palipatikana fundisho ambalo lingali na nguvu hadi leo, nalo ni kwamba siri iliyotunzwa kama ilivyo huvuja yote kwa mara moja.

Fundisho hilo halikuzingatiwa na wote. Mnamo Desemba 2009 maneno ya siri zaidi ya milioni 32 yaliibwa kutoka kampuni ya Marekani iitwayo RockYou, nayo yalikuwa yametunzwa bila kufichwa kwa namna yoyote. Wachunguzi walipoyapanga waliona kwamba lililopendwa kuliko yote lilikuwa 123456, lililochaguliwa na watu wapatao 290,000.

Namna ya kutunza siri bila kuijua

Je, kompyuta inawezaje kulitambua neno la siri bila kuwa nalo? Jibu lilipatikana katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, ambako Roger Needham na wenzake walitumia kanuni ya hesabu inayokwenda upande mmoja tu. Kanuni ya namna hiyo ni rahisi kuitenda lakini ni vigumu kuitendua, kama vile ilivyo rahisi kusaga mahindi yakawa unga, na isivyowezekana kuurudisha unga ukawa mahindi.

Mfano mdogo utatusaidia. Chukua namba yenye tarakimu nne, tuseme 4821. Izidishe kwa yenyewe, upate 23,242,041. Sasa twaa tarakimu nne za katikati, yaani 2420, na utupe zilizobaki. Mtu anayeipata 2420 peke yake hawezi kurudi nyuma moja kwa moja akaijua 4821, kwa sababu sehemu ya habari imekwisha kutupwa. Zaidi ya hayo, tukianza na 4822, ambayo ni jirani wa karibu kabisa, tunapata 23,251,684, na katikati yake ni 2516. Badiliko dogo katika mwanzo limeleta badiliko kubwa katika mwisho.

Kanuni zinazotumika kwa kweli ni tata zaidi ya huu mfano wetu, lakini msingi ni ule ule. Zao la kanuni hiyo wataalamu huliita hashi. Kompyuta hutunza hashi tu. Unapoandika neno lako, kompyuta hulipitisha katika kanuni na kulinganisha zao lake na hashi iliyotunzwa. Yakilingana, mlango hufunguliwa.

Kutokana na hayo msomaji anaweza kupata kipimo kimoja chepesi. Ukiandikia kampuni au ofisi kwamba umesahau neno lako la siri, nayo ikakurudishia neno lile lile ulilokuwa nalo, fahamu kwamba imelitunza kwa namna inayoweza kusomeka. Inayofuata utaratibu mwema haiwezi kukurudishia neno hilo, kwa maana yenyewe hailijui. Itakachoweza ni kukupa nafasi ya kuchagua jipya.

Mwizi hubahatisha

Mwizi aliyeiba orodha ya hashi hawezi kuitendua kanuni, lakini anaweza kubahatisha. Hutwaa neno analolidhania, hulipitisha katika kanuni, na kutazama kama zao lake limo katika orodha. Katika mfano wetu namba ziko 10,000 tu, na zote zaweza kujaribiwa kwa kufumba na kufumbua. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Maabara ya Bell, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya maneno ya siri 3,289. Asilimia 86 yalikuwa mepesi kupatikana: mengine yalikuwa mafupi mno, na mengine yalikuwamo katika kamusi au orodha za majina.

Wataalamu hao walieleza pia kinga inayoitwa chumvi. Kabla ya neno kupitishwa katika kanuni, kompyuta huliongezea namba ya bahati nasibu ambayo ni tofauti kwa kila mtu. Hivyo watu wawili waliochagua neno moja huwa na hashi mbili tofauti, na mwizi hulazimika kumshughulikia kila mmoja peke yake. Mwaka 2012 hashi zipatazo milioni 6.5 zilizoibwa kutoka mtandao wa LinkedIn zilitangazwa hadharani. Hazikuwa na chumvi, na nyingi zilifumbuliwa upesi. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba zilizoibwa zilizidi milioni 100.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba mwizi ana mashine inayojaribu maneno bilioni 10 kwa sekunde, kasi inayowezekana leo kwa kanuni nyepesi na vichakataji vya kuchorea picha. Neno la herufi ndogo nane lililochaguliwa kwa bahati nasibu linaweza kuwa moja kati ya 26 kwa kipeo cha 8, yaani 208,827,064,576. Yote yatajaribiwa kwa sekunde 21 hivi. Tukitumia alama zote 94 za kibao cha kuandikia, kubwa na ndogo, idadi inakuwa 94 kwa kipeo cha 8, na muda unafika siku 7. Lakini tukibaki na herufi ndogo tupu, tukaongeza urefu hadi herufi 16, muda unazidi miaka 130,000.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo wengi hawalidhanii: urefu una nguvu kuliko mchanganyiko wa alama. Sababu yake ni kwamba aina za alama ziko katika kizio cha hesabu, hali urefu uko katika kipeo, na kipeo ndicho kinachoikuza idadi kwa kasi.

Watengenezaji wa programu nao wana wajibu wao. Kanuni ya bcrypt, iliyotangazwa mwaka 1999, na ile ya Argon2, iliyoshinda shindano la kimataifa mwaka 2015, zimebuniwa makusudi ziwe nzito. Kama kila jaribio likichukua sehemu ya kumi ya sekunde, mwenye neno halali hatahisi kuchelewa, lakini mwizi mwenye mashine moja ya namna hiyo atahitaji zaidi ya miaka 600 kuyamaliza maneno ambayo kwa kanuni nyepesi yangemalizwa kwa sekunde 21.

Maoni matatu yaliyozoeleka

Oni la kwanza ni kwamba neno libadilishwe kila mwezi. Kwa nadharia linapendeza, lakini binadamu aliyelazimishwa kubadili hubadili kidogo tu: Januari1 huwa Februari2. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walichunguza maneno ya zamani ya akaunti za chuo chao. Waliona kwamba anayelijua neno la zamani aliweza, katika asilimia 41 ya mara, kulifumbua lililofuata kwa sekunde chache, akiwa na hashi yake. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri kwamba watu wasilazimishwe kubadili maneno yao kila baada ya muda fulani, ila pale penye dalili kwamba neno limeibwa.

Oni la pili ni kuhusu mchanganyiko wa alama. Tumekwisha kuona kwamba mchanganyiko huongeza idadi, lakini huongeza kikamilifu pale tu neno linapochaguliwa kwa bahati nasibu. Watu wengi huweka herufi kubwa mwanzoni, tarakimu mwishoni, na alama ya @ mahali pa herufi a. Neno kama T@nzania1 linatimiza masharti yote ya ofisi, lakini programu za wezi zinayajua mazoea hayo na huanza nayo. Shauri lile la mwaka 2017 liliyaacha masharti ya mchanganyiko, likataka badala yake neno jipya lilinganishwe na orodha ya yale yaliyokwisha kuvuja.

Oni la tatu, kwamba neno lisiandikwe kamwe, linahitaji kwanza tuulize: mwizi ni nani? Aliye ng'ambo ya bahari hawezi kusoma daftari lililofungiwa sandukuni nyumbani. Karatasi iliyobandikwa juu ya kompyuta ya ofisi ni jambo jingine, maana kila apitaye huiona. Hatari kubwa zaidi ni kutumia neno moja kila mahali kwa kuogopa kusahau. Likivuja kutoka tovuti moja isiyo makini, milango yote huwa wazi. Iliyo mbaya kuliko zote ni kulitumia neno hilo katika barua pepe, kwa kuwa huko ndiko hupelekwa ujumbe wa kubadilisha maneno ya akaunti nyingine. Aandikaye na kufungia, au atumiaye programu ya kutunzia maneno ya siri, yu salama kuliko akaririye moja kwa yote.

Namba ya siri ya simu

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa neno la herufi nane ni dhaifu, mbona namba ya siri ya kutumia fedha kwa simu huwa na tarakimu nne tu? Tofauti iko mahali pa kubahatishia. Aliyeiba orodha ya hashi hubahatisha kwake, bila kuzuiwa na mtu. Anayebahatisha mlangoni huzuiwa baada ya makosa machache. Tuseme mlango hufungwa baada ya mara tatu. Uwezekano wa kufaulu utakuwa 3 kati ya 10,000, mradi namba imechaguliwa bila mpango. Lakini anayechagua mwaka wake wa kuzaliwa ameipunguza idadi hiyo kutoka 10,000 hadi chini ya 100, na mwenziwe anayemfahamu hahitaji hata hizo mara tatu.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba hakuna urefu wa neno unaomkinga mtu anayelitoa mwenyewe. Matapeli wa simu, wenye kutuma ujumbe wa kutaka fedha itumwe katika namba nyingine, au wanaojifanya wahudumu wa kampuni, hawabahatishi hata kidogo. Huomba, nao hupewa. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2022 kampuni za Apple, Google na Microsoft zimeanza kueneza funguo za kidijiti zinazotunzwa ndani ya simu au kompyuta yenyewe, ambazo mtumiaji hawezi kumtamkia mtu hata akitaka.

Zoezi kwa madarasa

Walimu wa hisabati wanaweza kulifanya somo hili kwa dadu. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alibuni njia ya kuchagua maneno kwa kurusha dadu tano, zinazotoa matokeo 7,776. Darasa linaweza kuanza na dadu nne, zinazotoa matokeo 1,296. Wanafunzi 36 wakiandika kila mmoja maneno 36 ya Kiswahili yasiyorudiwa, orodha itakamilika. Kila neno lipewe namba yake ya dadu, kuanzia 1111 hadi 6666. Kisha mwanafunzi arushe dadu mara sita na kupata maneno sita, mathalani: kibuyu, reli, tausi, chokaa, mzaha, bandari.

Idadi ya mafungu yanayowezekana ni 1,296 kwa kipeo cha 6, yaani zaidi ya bilioni bilioni nne. Kwa mashine yetu ya majaribio bilioni 10 kwa sekunde, kuyamaliza yote kungechukua miaka ipatayo 15. Wanafunzi wakokotoe wenyewe muda huo ungekuwaje kwa orodha ya maneno 7,776. Watambue pia kwamba hesabu hii inachukulia kuwa mwizi anayo orodha mkononi. Nguvu ya fungu la maneno inatokana na dadu, wala haitokani na kuficha orodha. Mwanafunzi anayeyakataa maneno yaliyotoka na kuchagua yanayompendeza huwa ameipunguza nguvu hiyo.

Hitimisho

Kwa muhtasari, neno la siri lililo jema ni refu, limechaguliwa kwa bahati nasibu, na halitumiki mahali pawili. Hakuna haja ya kulibadilisha ila kuna sababu. Anayelitunza kwa niaba ya wananchi, iwe ofisi au kampuni, naye hana budi kutumia kanuni nzito yenye chumvi, kwa maana mwananchi hana njia ya kuikagua orodha iliyo mikononi mwao. Kati ya wanafunzi wanaosoma makala haya watatoka watengenezaji wa mifumo ya shule zetu, hospitali zetu na benki zetu, na wao ndio watakaoamua orodha hizo zitunzwe vipi.