Fahamu: Kwa nini taka za Voi na za Mghange hazizolewi kwa njia moja

Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Kwa Taita Taveta, kazi hiyo inaanzia Voi, kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa jirani na mbuga ya Tsavo Mashariki, hadi Mghange huko milimani.

Huko Mghange, maganda na majani yanaishia shambani kama mboji. Kinachosumbua ni nepi, chupa na plastiki, ambazo huchomwa au husombwa na mvua hadi mtoni. Mpangaji wa Voi hana hata shimo la kufukia maganda, kwa hiyo taka zake zote zinahitaji gari.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, na kaunti zijenge vituo vya kuzichambua. Ni sheria nzuri, lakini mama mwenye ndoo mkononi anahitaji kwanza pipa la karibu na siku ya gari inayojulikana. Mjini Voi, mkokoteni wa taka ufike vichochoroni. Milimani, gari la kuzoa plastiki pekee, hata mara moja kwa mwezi, lingesaidia sana.