Sanduku lasema D8, Baba asema D7

Wasikilizaji wapenzi, wiki hii nitazungumzia kitu kidogo kinachoenea kiganjani, lakini kilichozua ubishi nyumbani kwetu kwa siku tatu. Kitu chenyewe ni katapila la mfano, la chuma, lenye rangi ya manjano na minyororo inayozunguka. Mdogo wangu alilinunua kwa muuza vitu vya mitumba huko ughaibuni akamletea Baba zawadi. Juu ya sanduku pameandikwa: Caterpillar D8, skeli moja kwa hamsini.

Baba ni dereva mstaafu wa mitambo mizito. Alianzia kazi kwenye D7 kuukuu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mashine hiyo ilikwishakatwa kwa moto wa gesi ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Alilishika lile katapila, akaligeuza, akalitazama kwa ubavu, kisha akasema, "Hili si D8. Bonneti yake fupi. Hili ni D7."

Sisi wanawe tukacheka. Tukamwambia, "Baba, tazama, imeandikwa hapa." Mmoja wetu akaongeza kwamba labda macho yamechoka. Mzee hakubishana. Aliliweka katapila juu ya kabati akaenda zake barazani. Usiku ule sikulala vizuri. Mtu aliyekalia kiti cha mashine miaka thelathini anaambiwa na watoto kwamba karatasi ya sanduku inajua kuliko yeye! Nikaamua kwamba kabla ya kumhukumu Baba, tupime.

Tuanze na maana ya skeli. Wengi wetu tuliifahamu darasani kwenye somo la jiografia, tulipopima umbali juu ya ramani. Skeli ya 1:50 maana yake ni kwamba kila milimita moja ya mfano husimama badala ya milimita 50 za mashine halisi. Kwa hiyo kazi ni hesabu ya kuzidisha tu: pima mfano, zidisha kwa 50, linganisha na mashine yenyewe.

Ugumu uko kwenye kupima. Ukikosea nusu milimita kwenye mfano wa 1:50, umekosea milimita 25 kwenye mashine, yaani inchi moja nzima. Rula ya mwanafunzi haifai. Inatakiwa kalipa, kile kipimio chenye mataya mawili ambacho mafundi wa karakana hupimia bomba na shafti. Na usipime mara moja. Pima mara tatu, kisha chukua wastani.

Upime nini? Watu wengi hukimbilia urefu wote na kimo. Hivyo ndivyo vipimo vinavyodanganya kuliko vyote. Urefu hubadilika kwa kuwepo au kutokuwepo kwa buldoza mbele na ndoano nyuma. Tena kwenye katapila, gurudumu la mbele la mnyororo husogezwa mbele kadiri pini na bushi zinavyolika na mnyororo kulegea. Basi mashine iliyochakaa na mashine mpya ya aina ileile hazitoi urefu mmoja. Kimo nacho hutegemea bomba la moshi, na hutegemea kama meno ya viatu vya mnyororo yamezama ardhini au yamesimama juu ya zege.

Kipimo cha kuaminika ni upana wa kati kwa kati, yaani kutoka katikati ya mnyororo wa kushoto hadi katikati ya mnyororo wa kulia. Kiwanda huuandika upana huo kwenye kitabu cha mashine, na uchakavu hauubadilishi kirahisi. Kwa D7 ya miaka ya 1940 upana huo ni inchi 74. Kwa D8 ya wakati huohuo ni inchi 78. Wala usihangaike kutafuta katikati ya kiatu. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa kiatu cha kushoto hadi ukingo wa kushoto wa kiatu cha kulia. Jibu ni lilelile.

Tulipima. Kalipa ikasoma milimita 39.2. Tukazidisha kwa 50, tukapata milimita 1,960. Inchi 78 za D8 ni milimita 1,981. Tofauti ni milimita 21, ambazo kwenye mfano hazifiki hata nusu milimita. Mdogo wangu akapiga makofi: sanduku limeshinda!

Baba akatutazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili jibu bila njia. Akasema, "Wanangu, hesabuni mirija ya dizeli."

Hapo ndipo fundi anapotofautiana na msomaji wa maandishi. Injini ya dizeli hupeleka mafuta kwa kila silinda kwa mrija wake. Injini ya D8 ya zamani ilikuwa na silinda sita. Injini ya D7 ilikuwa na silinda nne, zenye kipenyo na mwendo uleule wa pistoni, inchi tano na robo tatu kwa inchi nane. Ndiyo sababu bonneti ya D8 ni ndefu: imebeba silinda mbili zaidi za ukubwa ileule. Tukachukua kioo cha kukuzia tukahesabu. Mirija ilikuwa minne.

Sasa basi, kama ni D7, hesabu igeuzwe. Inchi 74 ni milimita 1,880. Gawanya kwa 39.2. Jibu ni karibu kabisa na 48. Tukarudi kwenye viatu vya mnyororo. Baba alikumbuka kuwa viatu vya mashine yake vilikuwa na upana wa inchi 20, yaani milimita 508. Kwenye mfano tulipata milimita 10.6. Gawanya, nalo jibu ni 48. Vipimo viwili vya sehemu mbalimbali vimetoa shahidi mmoja. Lile ni D7 kwa skeli ya 1:48, skeli inayopendwa na watengenezaji wanaohesabu kwa futi, kwa sababu robo inchi husimama badala ya futi moja. Sanduku halikuwa lake. Huko kwenye mitumba mtu alitia mfano mmoja ndani ya sanduku la mfano mwingine, basi.

Jambo la kutisha, wasikilizaji, ni jinsi uongo ule ulivyokaribia kuwa kweli. D7 kwa 1:48 na D8 kwa 1:50 hukaribiana sana upana. Anayepima mara moja sehemu moja atadanganyika. Anayepima sehemu tatu atagundua, maana uongo hauwezi kulingana kila mahali.

Uko mtego mwingine. Jina moja la mashine laweza kuwa na maumbo mawili. D2 ya miaka ya 1940 iliuzwa kwa upana wa inchi 40 na pia wa inchi 50. Chukua mfano sahihi wa ile nyembamba kwa skeli ya 1:16. Upana wake ni milimita 63.5. Ukiulinganisha na inchi 50, utasema skeli ni 1:20 na kumlaumu mtengenezaji bure. Kabla ya kupima mfano, hakikisha unajua unaulinganisha na mashine ipi.

Tuwe na haki pia kwa watengenezaji. Bati la milimita 6 likipunguzwa mara 50 linakuwa unene wa karatasi, na hakuna kalibu ya kumiminia chuma inayotoa kitu chembamba namna hiyo kikadumu. Kwa hiyo walinzi wa matope na vishikio huongezwa unene. Hilo si kosa. Uzito nao usikusumbue. Mashine ya tani 15 ikipunguzwa mara 50 kwa urefu, upana na kimo, uzito wake hugawanywa kwa 125,000, na hubaki gramu 120 tu. Mfano wa chuma kitupu utazidi hapo, na bado ukawa sahihi kwa umbo.

Huenda mtu atauliza: haya yote ya nini, kwa kitu cha kuchezea? Nitamjibu kwa jina moja: Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga Tanganyika, kwa lengo la mamilioni ya ekari, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana baada ya vita, basi wakanunua yaliyotumika, mengine kutoka Ufilipino yalikoachwa na jeshi la Marekani. Vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta yakaitwa Shervick. Vichaka na mibuyu vikawashinda, udongo mgumu ukala vyuma, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36.

Lakini vijana wetu wengi walijifunza udereva na ufundi pale. Mzee aliyemfundisha Baba kuendesha katapila alitokea Kongwa. Watu hao wanatutoka mmoja mmoja, na mashine zao zilikwisha kuyeyushwa zamani. Kilichobaki ni picha chache, kumbukumbu za wazee na vitu vidogo kama hiki. Tukiacha kibandiko kisicho cha kweli kikae kabatini, mjukuu wetu atakisoma, atakiamini, na hatakuwepo mtu wa kumwambia ahesabu mirija.

Jioni ile mdogo wangu alimpelekea Baba chai barazani, akapiga magoti akasema, "Baba, tusamehe." Mzee akacheka tu. Akamwagiza atafute kalamu. Sasa lile sanduku limefutwa maandishi yake, na kwa mwandiko wa Baba pameandikwa: D7, moja kwa arobaini na nane. Chini yake ameongeza jina la yule mwalimu wake wa Kongwa.

Basi, ndugu zangu, ukiletewa kitu chenye maandishi mazuri juu yake, soma maandishi, kisha chukua kipimio. Na kama nyumbani yupo mzee aliyekitumia kitu hicho, muulize yeye kwanza. Hadi wiki ijayo, kwaherini.