Rangi ya Gari: Kazi Kwanza, Pambo Baadaye

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo huonekana wazi katika magari ya fahari ya mbio. Magari hayo si ya kubebea mahindi ya Ufipa, wala hayapiti Chanji kila siku. Vijana wa Sumbawanga huyajua zaidi kwa picha na filamu. Hata hivyo, ukimwuliza mmoja wao Ferrari ina rangi gani, hatasita kujibu: nyekundu. Kwa nini watu huipenda rangi ile ile ya zamani, ilhali viwanda vya leo vyaweza kuchanganya rangi za kila namna?

Jibu ni kwamba rangi hizo hazikuanza kuwa pambo. Zilianza kuwa sare ya kazi. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mashindano ya magari ya kimataifa, kila nchi ilikuwa na rangi yake. Ufaransa ilichukua buluu, Ubelgiji njano, Italia nyekundu na Ujerumani nyeupe. Waingereza walishindana kwa rangi ya kijani katika mbio za Gordon Bennett zilizofanyika Ireland mwaka 1903. Mtazamaji aliyesimama kando ya barabara aliweza kutambua gari la nchi fulani kabla halijafika karibu. Katika miaka ya 1930 magari ya Mercedes-Benz na Auto Union yaliipa Ujerumani rangi ya fedha, na rangi hiyo nayo ikapata heshima yake kwa ushindi.

Kwa hiyo Enzo Ferrari alipotoa gari la kwanza lenye jina lake mwaka 1947, wekundu ulikuwa tayari ni sare ya Italia. Mwaka 1964 aligombana na wakuu wa mchezo huo nchini mwake, na katika mashindano mawili ya mwisho ya msimu magari yake yakatoka na rangi nyeupe na buluu. Dereva wake, John Surtees wa Uingereza, akatwaa ubingwa wa dunia katika gari lisilo jekundu. Ndugu msomaji, hapo ndipo unapoona uzito wa jambo hili: kuivua rangi kulikuwa kama kuivua bendera. Kuanzia mwaka 1968 matangazo ya biashara yalianza kuzifunika rangi za mataifa, lakini wapenzi wa magari hawakuzisahau.

Nasi Afrika Mashariki tuna kumbukumbu zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda akiwa na Lofty Drews katika gari la aina hiyo hiyo. Weusi wa boneti haukuwa mapambo. Rangi nyeusi isiyong'aa huzuia mwanga wa jua usirudi machoni mwa dereva. Mwaka 1978 Porsche 911 nyeupe, zenye mistari ya buluu na nyekundu, zilikuja kuwania ushindi. Vic Preston mdogo alifika wa pili. Aliyeshinda ni Jean-Pierre Nicolas katika Peugeot 504. Vumbi na tope havikuuliza nani amependeza.

Wafipa wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mababu zao walikuwa wahunzi mashuhuri, walioyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu. Wekundu wa udongo watokana na chuma kilichoshikwa na hewa, na unga wa asili hiyo hiyo ndio unaotumika katika rangi ya kwanza inayopakwa juu ya bati. Wekundu huo hauna mng'ao, lakini jua haliufifishi. Nyekundu kali ya magari ya fahari mara nyingi hutokana na vitu vingine, na isipokingwa vizuri hupauka. Katika uwanda huu wa juu, Sumbawanga ikiwa kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, miale ya jua inayochoma rangi ni mikali kuliko pwani. Nyeupe haina majivuno, lakini hurudisha joto.

Somo hili lamhusu pia mfanyakazi anayejikusanyia fedha anunue gari lililokwisha tumika. Rangi mpya inayometa yaweza kuficha kutu na mabati yaliyonyooshwa baada ya ajali. Chungulia chini ya mazulia, pembeni mwa milango na ndani ya buti, mahali ambapo mpuliza rangi hafiki kwa urahisi. Pitisha sumaku ndogo juu ya bati: pasiposhika, huenda pamezibwa kwa puti. Tena, rangi ya gari huandikwa katika kadi yake. Anayeibadilisha hana budi kuwaarifu Mamlaka ya Mapato Tanzania, wanaosajili magari, asije akajikuta akijieleza barabarani.

Yuko na mwingine ambaye tunapoisifu rangi hatumkumbuki: fundi anayeipuliza. Rangi nyingi za kisasa huchanganywa na dawa ya kugandisha, na mvuke wake waweza kumletea fundi pumu ya maisha. Kitambaa alichofunga puani hakiuzuii. Anahitaji kifaa kinachomletea hewa safi, na mahali penye hewa ya kutosha. Rangi za zamani, hasa njano na nyekundu kali, mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Zinaposuguliwa kwa msasa hutoa vumbi linalodhuru ubongo wa mtoto. Mzazi asiwaache watoto wacheze karibu na gereji, na fundi avue nguo za kazi kabla ya kumpakata mwanawe. Mteja naye asimkimbize fundi wala kumpunja ujira, kisha akatarajia kazi salama.

Rangi zile za zamani zapendeza kwa sababu kila moja ilikuwa na kazi, na kazi hiyo ilifanywa mbele ya macho ya watu. Anayetaka kulipaka gari lake rangi nyekundu asizuiwe, maana macho nayo yana haki yao. Ila aanze na bati lisilo na kutu, na fundi mwenye mapafu mazima.